Mteremko wa Shimo la Tatu

Tulimzika Ngatia Jumamosi, kwa mahema matatu na vipaza sauti viwili, na kila aliyeshika kipaza sauti alimwongezea sifa ambayo marehemu mwenyewe, akiwa hai, angeona haya kuidai. Wa kwanza alisema alikuwa baba wa hifadhi. Wa pili akasema alikuwa rafiki wa wanyama. Wa tatu, mjukuu wake aliyesomea ng'ambo, akasoma kwenye karatasi kwamba wakati wa vita vya shifta, wenzake wakibomoa, babu yake alikaa Garissa akiiponya ardhi iliyoharibiwa na machimbo, akaigeuza makao ya twiga. Watu wakapiga makofi, msibani. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, maana siku hizi wazee tuliobaki tunapangwa mbele kama vyombo vya wageni, nikamkumbuka huyo rafiki wa wanyama ambaye sikuwahi kumwona akitofautisha swala na mbuzi mpaka mnyama awe sahanini. Mshereheshaji akanijia, akaninong'oneza: "Mzee, wewe ulifanya naye kazi kule. Tupe maneno mawili." Nikamwambia koo linaniuma. Koo lilikuwa zima kabisa. Maneno mawili niliyokuwa nayo hayasemwi mbele ya jeneza, na tena hayamhusu Ngatia peke yake. Yangemhusu peke yake ningeyasema kwa raha zangu.

Nilifika Garissa mwishoni mwa mwaka wa sitini na sita, nina miaka ishirini na mmoja, cheti cha uchoraji ramani, na kichwa kilichovimba kwa sababu Serikali ilikuwa imenipa sanduku la peni za wino. Vita na shifta, waasi waliotaka upande ule uungane na Somalia, vilikuwa vimekwisha kuzoeleka. Magari yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma. Jua likitua kila mtu awe ndani. Na huko nyikani wafugaji walikuwa wameamriwa waache malisho yao, wakusanyike katika vijiji vilivyozungushiwa miba na kulindwa kwa bunduki. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na mto, kimegawanywa kwa mbao nyembamba: upande mmoja Ngatia na dirisha, upande wa pili mimi na joto. Nilichora nimelaza taulo chini ya kiganja, maana jasho likidondoka kwenye kitambaa cha ramani wino hutawanyika, na kazi ya siku nne huwa imekwenda na maji. Sikio langu lilikuwa shibiri moja kutoka kwenye mbao zile. Kila alichosema Ngatia mwaka ule nilikisikia, hata alipokuwa akijisemea mwenyewe, na alijisemea mengi, hasa hotuba.

Alikuwa mtu wa bara kama mimi, mnene kiasi, soksi ndefu mpaka magotini, na aliidharau Garissa yote isipokuwa barua zitokazo Nairobi. Hakula nyama ya ngamia. Hakunywa maziwa ya ngamia. Kabichi yake ililetwa na msafara, ikafika imenyauka na kunuka dizeli, naye akaila na viazi kila siku ya Mungu huku akisema huku ndiko kula kwa watu waliostaarabika. Yussuf, tarishi wetu, ambaye alikuwa pia mkalimani na mpishi wa chai, aliipeleka sahani ile mezani ameikunja pua, kisha akarudi upande wangu tukala anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, na maini ya mbuzi aliyotuletea mkewe kutoka upande ule ambao siku hizi unaitwa Iftin. "Bwana mkubwa nakula majani," aliniambia siku ya kwanza, kwa huruma kabisa. "Mbusi hajafanya kosa, yeye natafuta majani. Sasa huyu natafuta nini?"

Kazi iliyotuweka pale ilikuwa hivi. Zamani kidogo kampuni moja ya kigeni ilichimba jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea plasta, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka mjini. Vita vilipochacha ikafunga virago, ikaacha mashimo matatu makubwa na vilima vya vifusi vyeupe visivyoota hata kijiti. Chama kimoja cha wapenda wanyama huko ng'ambo kikaandika barua kuuliza kama ardhi ya namna hiyo haiwezi kurudishiwa uhai. Ngatia akaidaka barua ile. Yeye hakuwa na habari na uhai. Alikuwa na habari na uhamisho wa kwenda Nairobi. Kwa muda wa wiki mbili alitembea ofisini akiimba mpango: vifusi visawazishwe, migunga ipandwe, shimo la kwanza na la pili yafukiwe, na shimo la tatu, ambalo hukaa na maji ya mvua mwaka mzima, liwe bwawa la kunyweshea wanyamapori. Ukuta wa miba kuzunguka. Kibanda cha watalii juu ya kilima. Nilichora kibanda kile mara tano kwa sababu hakuridhika na upande wa baraza, na wakati huo huo nje ya mji watu walikuwa wakiuawa. Sisemi hivyo kwa kujitoa. Mimi ndiye niliyeipaka baraza rangi ya manjano.

Tukaenda kupima siku moja tu, maana askari wa kutusindikiza walikuwa watatu na walitolewa kwa siku moja. Tulifika saa sita mchana. Hakukuwa na mtu. Ngatia alishuka kwenye gari, akazungusha macho, akaniambia niandike: eneo halina wakazi. Niliandika. Ilikuwa kweli kwa jinsi nyumba ilivyo tupu baada ya wewe mwenyewe kuwafukuza wenye nyumba: watu wa mahali pale walikuwa wamehamishiwa kijiji cha miba, chini ya mwaka mmoja uliopita, kwa amri ya Serikali iyo hiyo iliyotulipia petroli. Majivu ya maboma yao yalikuwa bado yanaonekana. Ngatia aliyaruka ili soksi zisichafuke.

Kwenye shimo la tatu maji yalikuwepo, yamepungua, ya kijani, na ukuta mmoja wa shimo ulikuwa umekatwa mteremko mpana wa kushukia mpaka kwenye maji. Ngatia alisimama pale akafurahi kama mtoto. Kwenye tope palikuwa na alama za kwato za twiga na za ngiri. "Unaona, kijana? Wanyama wamejichongea njia wenyewe. Hapa asili imekwisha kuanza kazi, sisi tunaimalizia tu." Nikatazama. Ukuta wa jasi ulikuwa na alama za sururu, moja baada ya nyingine, mpaka chini. Sakafu ya mteremko ilikuwa imepangwa mawe bapa, yamelazwa kwa mshazari ili mguu usiteleze. Sijawahi kusikia twiga anayebeba mawe. Nyuma yetu Yussuf alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yanamtikisika. Ngatia akaniamuru niandike kwenye ramani: njia ya wanyamapori. Na hilo pia nikaliandika, kwa penseli.

Tuliporudi nilimwuliza Yussuf ni nani aliyeuchonga. Akajibu kama mtu aliyeulizwa jina la mto. "Hiyo ya Dubow. Kila mtu najua hiyo ya Dubow." Ijumaa iliyofuata akanipeleka kijiji cha miba kunywa chai, nami nikaenda kwa udadisi wa mtu asiye na la kufanya siku ya mapumziko. Njiani akanifundisha nimwite mzee huyo adeer, yaani baba mdogo, nisije nikamwita jina lake kama askari wanavyofanya. Kijiji kilikuwa uwanja wa vumbi, vibanda vya mikeka vimebanana mpaka mlango wa huyu unatazama kitanda cha yule, lango moja, bunduki mbili. Adeer Dubow alikuwa mrefu, mkavu, ndevu zimetiwa hina, na ndani ya kibanda chake palikuwa safi kuliko ofisi yetu. Binti yake akatupa chai ya maziwa ya mbuzi yenye iliki na tangawizi. Tulipomaliza kikombe cha pili, wala si kabla, ndipo mzee akasema Kiswahili chake, polepole.

"Karani, wewe ni mtu wa karatasi. Shimo, mzungu amechimba. Hiyo kweli. Lakini shimo bila njia ni kaburi ya ngamia, anaanguka, anafunja shingo. Njia, mimi nachimba. Mimi na ndugu zangu, jilali mbili." Jilali ni kiangazi, viangazi viwili vya sururu. "Na kila mwaka kabla ya mvua sisi naingia ndani, natoa tobe. Siku tatu, nne, watu wote wa kwetu. Maji inaleta tobe kila mwaka. Kama hakuna mtu natoa, shimo najaa, maji nakufa. Nani natoa tobe, huyo iko na zamu ya maji. Hajatoa, hana zamu. Mgeni anakunywa, msafiri anakunywa, twiga anakunywa, sisi hatufukuzi. Lakini zamu ni ya mtu natoa tobe. Hii ni sheria kabla ya Serikali."

Nikamwuliza anataka nini. Akanitoa nje akanionyesha ngamia wake, kumi na mmoja, wamefungiwa kwenye zizi la kijiji kando ya mto. Ngamia hawakuumbwa kukaa mtoni. Kuna nzi kule wanaowaletea homa. Nundu zilikuwa zimelala ubavuni kama mifuko mitupu, na mmoja alikuwa amepiga magoti hainuki tena. Mzee hakuomba arudishiwe nchi yake. Aliomba vitu viwili vidogo, na udogo wake ndio unaonikera hata leo: kwanza, kwenye ramani yangu niandike kwamba mteremko umechongwa na watu na shimo husafishwa na watu, ili siku vita vikiisha wasiambiwe ni wageni pale; pili, mkubwa wangu amwombee kibali cha siku nne kabla ya masika, yeye na ndugu zake watano, hata na askari wa kuwalinda, waende wakatoe tope. Wakipata siku nne, maji yatakuwepo, na ngamia watakuwa na mahali mbali na nzi. Wasipopata, basi. Nikamwambia, "Nitaandika, adeer." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitoka pale nimejaa ukubwa, kijana wa penseli aliyekwenda kuokoa ngamia.

Nikaandika kweli. Jumatatu nilifuta "njia ya wanyamapori", nikaandika kwa herufi safi: mteremko uliochongwa kwa mikono, kidimbwi husafishwa kila mwaka na wafugaji. Wiki ile ile alikuja mgeni wa kile chama cha ng'ambo, mwanamume mpole mwenye kofia pana, akaketi upande wa dirisha, Ngatia akamfungulia kopo la mananasi. Nikamsikia mgeni, kupitia mbao, akiuliza kwa wasiwasi wa kweli kama kuna watu wanaoitegemea ardhi ile, maana chama chake kisingependa kumnyang'anya mtu. Swali zuri. Namheshimu mpaka leo kwa kuliuliza, na namdharau kwa kuridhika na jibu. Kijiko kiligonga kopo. Ngatia akasema: "Hakuna mtu hata mmoja. Tulikwenda wenyewe kuhakikisha. Pako wazi, patupu. Wafugaji hawa, bwana, hawana mahali; leo hapa, kesho Lafey, keshokutwa Somalia. Hata njia ya kushukia majini wameichonga wanyama." Mgeni akasema ni jambo la ajabu. Akaomba kuiona ramani baada ya chakula.

Ngatia alipita upande wangu huku akijifuta sharubati ya mananasi. Akasoma. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo nililojifunza kwake: mtu mwenye cheo hahitaji kupandisha sauti. "Ukiandika watu hapa, kijana, mpango umekufa. Na usalama wataniuliza kwa nini nawaombea shifta ruhusa ya kutembea." Nikasema si shifta, ni mzee mmoja na ndugu zake, wanataka kutoa tope. Akacheka kidogo. "Mpango wangu una bajeti ya kutoa tope?" Kisha akaniambia, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba Nairobi wameleta nafasi moja ya masomo ya juu ya upimaji, na yeye ndiye wa kupendekeza jina. Akaweka kifutio juu ya meza. Hakuushika mkono wangu. Hakunitisha. Nimekutana na watu waliofanya mabaya kwa kuwekewa bunduki kichwani, nami nawaheshimu kwa kiasi fulani. Mimi niliwekewa kifutio. Nikafuta. Nilifuta vizuri, nikapuliza unga wake, nikarudisha njia ya wanyamapori, mara hii kwa wino. Mgeni alipoiona ramani alisifu mwandiko.

Adeer Dubow alikuja ofisini wiki tatu baadaye, na kufika pale kulimgharimu kusimama langoni tangu alfajiri akingoja ruhusa. Nilimwona kupitia ufa wa mlango, amevaa shuka safi. Nikamwambia Yussuf amwambie nimekwenda mtoni kupima. Yussuf akatoka. Nikawasikia kwa Kisomali, sauti ya mzee haina haraka, kisha Yussuf akarudi akasimama mbele ya meza yangu. "Nasema atangoja. Nasema mtoni si mbali." Alingoja mpaka saa saba, kwenye jua, amechuchumaa hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu, nami nikakaa ndani kimya bila kukohoa, nimebanwa na mkojo, nikipaka migunga rangi ya kijani mmoja baada ya mwingine. Alipoondoka nilikwisha kupaka msitu mzima. Yussuf hakuniletea tena anjera. Hakunigombeza wala hakuninunia. Alileta chai kama kawaida, akaiweka, akaenda kula kwake.

Masika yalinyesha sana mwaka ule. Nasikia watu wakisema mvua ni baraka, na kwa shimo lililosafishwa ni baraka. Maji yalikokota vile vifusi vyeupe ambavyo hatukuwa tumesawazisha hata kimoja, kwa sababu mpango ulikuwa bado unaandikiwa barua, yakavimwaga vyote ndani ya shimo la tatu. Kijijini ngamia walikufa mmoja mmoja. Yussuf alikuwa akinipa idadi ya ngamia wa Dubow waliobaki, bila kuulizwa, kila anapoleta chai: leo saba, leo tano. Ngatia naye alikuwa akipokea pongezi. Jina langu lilipelekwa Nairobi, likakubaliwa, nikaambiwa nitaondoka mwisho wa mwaka.

Vita vilipoanza kupoa, karibu na mwisho wa mwaka huo wa sitini na saba, yule mgeni mwenye kofia akarudi na wenzake wawili kuja kuliona bwawa. Ngatia akatangulia siku moja na mimi ili kupatayarisha. Harufu ilitupokea kabla ya shimo. Chini ya mteremko, ambapo maji yalipaswa kuwa, palikuwa na uji mweupe mzito, umepasuka juu na kulainika chini, na katikati yake twiga mmoja amezama mpaka kifuani, amekufa, shingo imelala juu ya tope. Alikuja kunywa mahali alipozoea kunywa. Ngiri wawili walikuwa kando yake. Ngatia alijiziba pua kwa leso, akasema, "Sasa hii imetokeaje?" na nilipomtazama niliona anauliza kweli. Mtu yule hakujua. Aliisikia habari ya tope kwa masikio yake mawili, akaiona kuwa ni habari ya wafugaji.

Akaamuru vibarua watafutwe upesi kutoka kijiji cha miba. Ndugu zake Dubow wakakataa. Walimwambia Yussuf kwamba hawatoi tope la zamu isiyo yao. Aliyekuja kesho yake mchana, kwenye lori la askari, alikuwa Dubow peke yake. Alikuwa amebakiwa na ngamia wawili. Hakunisalimia wala hakugeuza uso. Alivua shuka, akajifunga kikoi, akashuka kwenye mteremko wake bila kutazama miguu, akaingia tope mpaka magotini, akaanza. Ngatia alisimama juu ukingoni akimwonyesha kwa fimbo aanzie upande gani. Mzee alianzia upande mwingine, upande unaofaa. Nilielewa kwa nini amekuja. Kwake yeye anayetoa tope ana zamu, na alikuwa akitoa tope mbele ya Serikali, mbele ya mashahidi, mchana kweupe. Alikuwa akiirudisha haki yake kwa njia pekee aliyoijua.

Wageni walifika saa tisa. Wakaona shimo, wakaona mzee mmoja na karai lake, wakasikitika, wakapiga picha. Ngatia akawaeleza kwamba jamii ya hapa sasa inashirikishwa. Nikashushwa chini na daftari la kazi, kwa sababu kila kazi ya mpango lazima iandikwe. Mzee akasimama, mikono imefunikwa na ule weupe mpaka viwiko, akaniona na daftari, na kwa mara ya kwanza tangu kile kikombe cha chai akanisemesha.

"Karani," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ambalo sijalisamehe. "Leo andika. Andika nani nachimba."

Daftari lilikuwa na safu mbili, kazi na idadi. Ukingo wa ukurasa ulikuwa mweupe, mpana, jina la mtu lingeenea pale na nafasi ingebaki. Juu, Ngatia alikuwa akiniita niharakishe. Mzee aliitazama peni yangu mpaka nilipomaliza, kisha akaitikia kwa kichwa, ameridhika, maana hakujua kusoma. Nilikuwa nimeandika: kutoa tope, kibarua mmoja.